Gramu Mia Nne na Ishirini

Nilizipima kwa mizani ya Nasambu, muuza nafaka,
pale Ngara, nyuma ya maduka ya vitambaa:
ndengu, gramu mia nne na ishirini.
Akaniongezea konzi moja ya hisani
akidhani naenda kupika.
Nikazishona ndani ya mfuko wa poplini,
nikazivaa upande wa kushoto
miezi kumi na minne.
Mvua ya Aprili iliponikuta bila mwavuli
nilisubiri zichipue.

Leo niko Kilimani, ghorofa ya tatu,
kwenye kochi linalommeza mtu.
Tuko watatu.
Binti wa kulia kwangu amekuja kupunguziwa:
kamba za sidiria zimemchimba mifereji mabegani,
mgongo unamlilia kila apandapo ngazi.
Wa kushoto amekuja kuongezewa,
kajificha nyuma ya miwani myeusi.
Mimi nimekuja kudai changu.
Tunatazamana kama wanawake kwenye foleni ya maji,
kila mmoja na debe lake,
na hakuna amwulizaye mwenzake
anaenda kufulia nini.

Daktari Onsongo anachora kwa wino wa zambarau.
Kuna mfuko wa silikoni, anasema,
unalazwa chini ya msuli; lakini kwanza
ngozi itanuliwe kwa maji ya chumvi, wiki baada ya wiki,
na mfuko wenyewe si wa milele.
Kuna nyama ya mgongo,
huzungushwa hadi mbele pamoja na mishipa yake.
Kuna ya tumbo: saa nane mezani,
na kovu kutoka nyonga hadi nyonga.
Chuchu huja baadaye,
au huchorwa tu, kama chale.
Na hisia –
akaiweka kalamu chini –
hisia siahidi.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na mbili huu.
Nimeazima kitambaa pindoni mara ngapi
kuziba kwapa lililochanika!
Kiraka cha nguo ileile hakigombani na rangi,
ila pindo nalo hupanda,
na mwenye nguo huliona kila akiketi.
Nikamwuliza: Na nisipofanya lolote?
Hapo ndipo aliponitazama vizuri.
Hilo nalo ni jibu, akasema.
Tutalinyoosha kovu, kifua kilale bapa.
Sikujua kwamba limo kwenye orodha.

Watu wa bima wameniandikia. Sentensi moja:
Matibabu ya urembo hayalipiwi.
Urembo!
Nilipokatwa ulikuwa ugonjwa,
naomba kushonwa, umekuwa urembo.
Basi mguu wa bandia nao
ni kiatu cha harusi.

Kivindyo mume wangu hana mengi.
Utakavyo wewe, husema, na ana maana hiyo.
Lakini usiku mkono wake hufika ubavuni
ukasimama,
kama mgeni aliyekuta jamaa zake wamehama
asijue kama abishe hodi.

Mama naye, simuni kutoka Mwala:
Mwanangu, na miaka hamsini na mmoja,
utamnyonyesha nani?
Nikacheka hadi kovu likanivuta.
Mama, hata pua
sikupewa kwa ajili ya mafua.

Jumamosi. Fomu iko kabatini, haijatiwa sahihi,
imekunjwa kati ya vipimo vya sare za kwaya.
Nikashusha pazia la kibanda,
nikavua, nikasimama mbele ya kioo cha wateja
na chaki ya buluu mkononi.
Nikachora mstari, nyonga hadi nyonga,
juu ya tumbo lililobeba watoto wanne
na bado lina akiba.
Wanagenzi wangu huwaambia: pima mara mbili.
Nikapima mara mbili.
Nikafuta kidogo kulia, nikachora tena,
chini zaidi, mahali ambapo
mimi mwenyewe ningekata.

Mtu akabisha.
Nikalivaa gauni juu ya chaki.
Karibu ndani, nikamwambia,
inua mikono.